Kutoka Springi za Gongo hadi Nati Moja: Mbio za NASCAR Zilivyobadilika

Katikati ya jiji la Charlotte, katika jimbo la North Carolina, lipo jumba la makumbusho ya NASCAR, mbio za magari za Marekani, na ndani yake, kando ya magari yaliyong'arishwa mpaka unajiona uso, umewekwa mtambo wa kukeneka gongo. Uliundwa na Junior Johnson mwenyewe, dereva aliyeshinda mbio 50 za daraja la juu, na ambaye mwaka 1956 alikamatwa kwenye mtambo wa baba yake na kufungwa miezi 11. Msamaha wa Rais Reagan ulimfikia miaka 30 baadaye. Wageni wengi hupiga picha na kupita. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya gari lolote, kwa sababu nilikuwa namfikiria baba yangu mdogo na gereji yake ya Tanga.

Baba mdogo alikuwa mtu wa Peugeot 504, hasa zile pikapu zilizokuwa zikibebeshwa mizigo mara mbili ya uwezo wake. Kazi aliyosifika nayo ilikuwa kuinua springi za nyuma, ili pikapu likipakiwa lisilale kitako kama mbwa aliyechoka. Hakuwauliza wenye magari walikuwa wanabeba nini. Alijua tu, na akanifundisha nami nijue, kwamba askari wa barabarani haangalii turubai kwanza. Anaangalia nyuma ya gari limeinama kiasi gani. Nilipoanza kusoma historia ya mbio hizi za Marekani, nilikuta kwamba mchezo mzima umezaliwa kutokana na ujuzi huohuo.

Pombe ilipigwa marufuku Marekani kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, lakini marufuku ilipoondolewa biashara ya gongo katika milima ya kusini haikufa, kwa kuwa sasa watu walikuwa wakikwepa kodi. Vijana walinunua Ford za milango miwili zenye injini ya V8, wakaziongezea nguvu, wakazikaza springi za nyuma ili zisiiname zikiwa na shehena, na wakazikimbiza usiku katika barabara za vumbi huku maofisa wa kodi wakiwa nyuma yao. Kwa nje gari lilikuwa la kawaida kabisa, na ilibidi liwe hivyo, kwa sababu gari la ajabu ajabu lingesimamishwa hata kabla halijavuka daraja la kwanza. Siku za mapumziko vijana hao walibishana nani ana gari kali, na ubishi wa namna hiyo hauishi mpaka mtu atafute uwanja.

Viwanja vilipatikana, na matapeli nao wakajitokeza. Waandaaji walikuwa wakikusanya fedha za kiingilio, kisha wanatoweka kabla washindi hawajalipwa. Bill France, fundi na dereva aliyekuwa akiishi Daytona Beach, Florida, ambako magari yalikimbia nusu kwenye lami na nusu kwenye mchanga wa ufukweni, aliwaita wenzake katika hoteli ya Streamline mwezi Desemba 1947 ili waunde chombo kimoja chenye kanuni na malipo ya uhakika. NASCAR ilisajiliwa Februari 1948. France alikuwa na jicho la mfanyabiashara. Aliona kwamba mtu aliyenunua Buick kwa jasho lake angelipa pesa kuliona Buick kama lake likimenyana na Lincoln la jirani, na kwa hiyo mwaka 1949 akaanzisha mashindano aliyoyaita Strictly Stock, akimaanisha gari lishindane vilevile lilivyotoka kiwandani, bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Mbio za kwanza za aina hiyo zilifanyika tarehe 19 Juni 1949 katika uwanja wa vumbi wa Charlotte, magari 33 yakishindana kwa mizunguko 200. Lee Petty, ambaye ukoo wake ungekuja kutawala mchezo huu, alikuja na Buick la kuazima na akalipindua. Aliyetangulia kuvuka mstari wa mwisho alikuwa Glenn Dunnaway, akiendesha Ford la mwaka 1947. Kisha wakaguzi wakaingia chini ya gari, wakachungulia springi za nyuma, wakakuta zimefanyiwa ile kazi ya wabeba gongo. Dunnaway alinyang'anywa ushindi na dola 2,000 zilizokuwa zikishindaniwa, na zawadi ikaenda kwa Jim Roper wa Kansas aliyekuwa na Lincoln. Mwenye lile Ford alikwenda mahakamani, akashindwa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ya mchezo wa magari ya kawaida, gari lililoongoza halikuwa la kawaida, na kosa lake lilikuwa springi. Kila nikisoma habari hiyo namwona baba mdogo, amelala chali juu ya gunia, akitabasamu.

Kanuni ile ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini barabara haikuiheshimu. Gari lililoundwa kumpeleka mtu kanisani na sokoni halikuwa na rimu za kustahimili kona ya vumbi mara 200. Mwaka uliofuata uwanja wa lami wa Darlington, South Carolina, ulifunguliwa kwa mbio za maili 500, ambazo ni kama kilomita 800, na magari 75 yakaanza. Mshindi, Johnny Mantz, alitumia zaidi ya saa 6 akiwa na Plymouth dogo lililokuwa miongoni mwa magari ya polepole zaidi uwanjani. Wenye kasi walikuwa wakipasua tairi moja baada ya nyingine, naye aliyefunga tairi ngumu aliendelea taratibu kama mwenda shambani. Viwanda vilisoma alama. Hudson, ambayo gari lake la Hornet lilitamba sana mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilianza kuorodhesha vipuri vya "matumizi magumu" ambavyo mteja yeyote angeweza kuagiza, ingawa ni wazi mteja wa kawaida hakuwa na haja navyo. Kipuri kikiwa kwenye orodha ya kiwanda, basi ni cha kiwandani, na wakaguzi hawana la kusema. Nadhani hapo ndipo neno "kawaida" lilipoanza kunyumbuka.

Mwaka 1959 France alifungua uwanja wa Daytona, wenye mzunguko wa maili 2.5 na kona zilizoinuliwa nyuzi 31. Kwa wasiowahi kuona kona kama hiyo, niseme tu kwamba kupanda juu yake kwa miguu ni kazi, na gari likisimama hapo linaonekana kama limebandikwa ukutani. Mbio za kwanza za Daytona 500 zilimalizika kwa magari mawili kukaribiana mno, hata ikachukua siku tatu kuchunguza picha kabla Lee Petty hajatangazwa mshindi. Mwaka uliofuata Junior Johnson alifika na Chevrolet lisiloweza kufua dafu mbele ya Pontiac za wapinzani, lakini katika mazoezi akagundua kwamba akijibana nyuma kabisa ya Pontiac, hewa iliyopasuliwa na gari la mbele inamvuta, na Chevrolet lake linakwenda kasi ambayo injini yake peke yake isingeweza kuifikia. Alishinda. Hadi leo mbio za Daytona na za uwanja mwingine mkubwa, Talladega, huendeshwa kwa mbinu hiyo: magari 20 au 30 yamefuatana kama siafu, kila moja likinyonya upepo wa mwenzake.

Baada ya ugunduzi huo, upepo ukawa na thamani sawa na injini. Mwaka 1969 Dodge ilileta Charger Daytona, gari lenye pua ndefu iliyochongoka na bawa la nyuma lililosimama juu kuliko paa, na mwaka 1970 Plymouth ikajibu kwa Superbird. Kanuni ya wakati huo ilidai kwamba gari lolote linaloshindana liwe limetengenezwa kwa mamia na kuuzwa kwa umma, kwa hiyo viwanda vililazimika kuyapeleka madukani magari yale yenye mabawa, na kuna Superbird zilizokaa miezi na miezi bila mnunuzi, hata baadhi ya wauzaji wakazing'oa pua na mabawa ili zifanane na gari la mtu mwenye akili timamu. Mnamo Machi 1970 Buddy Baker, akiwa katika Dodge la aina hiyo, alivuka maili 200 kwa saa huko Talladega, kasi ya zaidi ya kilomita 320. Mwaka 1971 magari hayo yalipunguziwa ukubwa wa injini na yakatoweka. Mimi nayapenda kuliko yote yaliyotangulia au kufuata, kwa kuwa duka lililazimishwa kuufuata uwanja; baadaye kila upande ulishika njia yake.

Lakini siwezi kuipita miaka ya 1960 bila kumtaja Wendell Scott. Alikuwa fundi mweusi wa Danville, Virginia, naye pia aliwahi kubeba gongo, na alishindana kwa magari aliyoyaokoteza na kuyatengeneza mwenyewe, wanawe wakiwa ndio mafundi wake. Tarehe 1 Desemba 1963, katika uwanja wa vumbi wa Jacksonville, Florida, aliwaacha wote, lakini bendera ya ushindi ikapepewa Buck Baker, mzungu, ambaye alikwishapitwa. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wamekwisha kuondoka, waandaaji walikiri kwamba kumbukumbu zao za mizunguko zilikuwa na kosa na kwamba Scott ndiye mshindi. Kombe lilikuwa limekwenda na Baker. Familia ya Scott ilikabidhiwa kombe rasmi Agosti 2021, yeye akiwa amefariki tangu mwaka 1990. Wiki kama tano tu baada ya makabidhiano hayo, Bubba Wallace alishinda Talladega, akawa mweusi wa pili kushinda mbio za daraja hilo, ikiwa ni karibu miaka 58 baada ya wa kwanza. Mwaka mmoja kabla, yaani Juni 2020, NASCAR ilikuwa imepiga marufuku bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa, ambayo kwa miongo mingi ilipepea waziwazi kwenye viwanja hivi. Nimesikia watu wakisema mchezo huu haukupaswa kuguswa na siasa. Nashindwa kuelewa ni siasa gani kubwa kuliko kumnyima mtu kombe lake.

Habari za fedha nitazipitia haraka. Matangazo ya sigara yalipozuiwa kwenye televisheni za Marekani mwaka 1971, kampuni za tumbaku zilikuwa na mifuko iliyojaa na pa kuitolea hapakuwepo, na hivyo sigara ya Winston ikawa mdhamini wa mashindano mpaka mwaka 2003. Mwaka 1972 ratiba ilipunguzwa kutoka mbio 48 hadi 31, na viwanja vingi vidogo vikaachwa. Kisha Februari 1979 Daytona 500 ilirushwa moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza, siku ambayo theluji ilikuwa imewafungia ndani watu wengi wa mashariki ya nchi. Katika mzunguko wa mwisho Cale Yarborough na Donnie Allison, waliokuwa wakiongoza, waligongana, Richard Petty akapita na kushinda, na kwenye majani Yarborough na ndugu wa Allison wakaanza kurushiana ngumi mbele ya kamera. Hakuna tangazo lingeweza kuufanyia mchezo kazi iliyofanywa na ngumi zile.

Wakati huohuo, chini ya bodi, gari la dukani lilikuwa linakufa polepole. Kwanza mafundi waliruhusiwa kuweka mabomba ya chuma ya kumlinda dereva, kisha mabomba hayo yakaungwa na chesisi, na hatimaye chesisi yenyewe ikawa ya mabomba, iliyoungwa kwenye karakana maalumu, ikivalishwa bati lenye sura ya gari fulani. Toyota ilipoingia daraja la juu mwaka 2007 na Camry, wapo mashabiki walionuna kwa sababu ni kampuni ya Kijapani, ingawa Camry la barabarani lilikuwa likiundwa Kentucky. Kwa maoni yangu walipaswa kununa kwa sababu nyingine. Camry la barabarani husukumwa na tairi za mbele. La mbio lilikuwa na V8 na lilisukumwa na tairi za nyuma. Siku moja nilipata nafasi ya kusogea mpaka mkono ukagusa bodi ya gari la namna hiyo. Nilitafuta kitasa cha mlango, sikukiona, kwa sababu mlango haupo na dereva huingia kwa dirishani. Nikainama kuangalia taa za mbele. Zilikuwa stika.

Sababu nyingine ya mabadiliko ilikuwa kifo, na hapa sina kejeli. Mwaka 1987 Bill Elliott alifikia maili 212.809 kwa saa huko Talladega katika kutafuta nafasi ya kuanzia, rekodi ambayo haijavunjwa. Katika mbio zenyewe tairi la Bobby Allison lilipasuka, gari likaruka na kuchana uzio uliowatenga watazamaji, na watu kadhaa wakaumia. Mwanawe, Davey, alikuwa kwenye mbio hizohizo na ndiye aliyeshinda. Kuanzia mwaka 1988 injini kwenye viwanja vya Daytona na Talladega ziliwekewa kibati chenye matundu madogo kinachozibania hewa, na kasi ikashuka. Hata hivyo madereva waliendelea kufa. Mwaka 2000 pekee walikufa Adam Petty, kitukuu wa Lee, Kenny Irwin, na Tony Roper. Tarehe 18 Februari 2001, kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, Dale Earnhardt, bingwa mara saba, aligonga ukuta kwa namna ambayo wengi waliokuwa wakitazama walidhani atashuka na kusonya. Alikuwa amekufa kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Kabla mwaka haujaisha, kifaa cha kuzuia kichwa kisirushwe mbele, ambacho Earnhardt alikuwa hakipendi, kikawa cha lazima. Kuanzia mwaka 2002 kuta za zege zilianza kufunikwa na kuta za mirija ya chuma zenye sponji ngumu nyuma yake, zinazobonyea gari likigonga. Katika daraja la juu hakuna dereva aliyekufa mbioni tangu siku ile. Mwaka 2020 Ryan Newman alipinduka kwenye umaliziaji wa Daytona 500, akagongwa akiwa chini juu, na baada ya siku mbili akatoka hospitalini akiwa amewashika mikono watoto wake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa chetu kinachofanana na hiki. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yalipaswa kuwa ya dukani bila mabadiliko na yaligawanywa kwa bei yake, kana kwamba waandaaji walikuwa wakimwandikia mnunuzi barua. Baba mdogo alikuwa akimtaja Joginder Singh na Volvo lake la mwaka 1965 kama mtu anayemtaja babu. Magari yaliyokuja Naivasha Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 hayana uhusiano wowote na Volvo lile, kama vile Camry la stika lisivyo na uhusiano na lile linaloegeshwa nje ya duka.

Mwaka 2022 NASCAR ilileta gari jipya kabisa, na hili ndilo lililoniudhi mimi kama mtoto wa gereji. Chesisi inakuja kwa vipande vitatu vinavyofungwa kwa bolti, na sehemu nyingi muhimu zinanunuliwa kwa mtengenezaji mmoja aliyeteuliwa, timu zote zikipata kitu kilekile. Lengo lilikuwa kupunguza gharama na kuzuia timu tajiri zisizimeze maskini, na siwezi kulikataa lengo hilo. Lakini kipuri ulichonunua huruhusiwi kukigusa kwa tupa. Tena mwanzoni gari hilo lilikuwa gumu mno sehemu ya nyuma, likawa likigonga kwa nyuma nguvu yote inamfikia dereva. Kurt Busch aligonga hivyo huko Pocono, Pennsylvania, Julai 2022, akaumia ubongo, na hakurudi tena kushindana msimu kwa msimu. Chesisi ya nyuma ililegezwa kwa ajili ya mwaka 2023.

Siku moja baada ya Kurt kugonga, palepale Pocono, Denny Hamlin alimaliza wa kwanza na Kyle Busch, mdogo wake Kurt, wa pili. Wakaguzi walibandua stika za rangi kwenye bampa za mbele za magari yao na chini yake wakakuta vipande vyembamba vya utepe ambavyo havikustahili kuwepo. Wote wawili wakafutwa, na ushindi ukaenda kwa Chase Elliott aliyemaliza wa tatu, ambaye hakuongoza hata mzunguko mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1960 mshindi wa daraja hilo kunyang'anywa ushindi.

Nilimpigia baba mdogo simu kumweleza. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilianza na springi za Dunnaway, akacheka sana. Nilipofika kwenye utepe hakucheka.

"Utepe?" aliuliza. "Huu wa kufungia karatasi?"

"Mwembamba zaidi, baba."

Nikaona nibadilishe mazungumzo, nikamweleza kuhusu tairi: kwamba miaka yote rimu zao zilikuwa za chuma, zimefungwa kwa nati tano, na kwamba gari hili jipya lina rimu ya aluminiamu inayofungwa kwa nati moja tu kubwa katikati, na jamaa mmoja mwenye spana ya upepo huifungua kabla hujamaliza kulitaja jina lake. Alinyamaza. Nilisikia nyundo ikigonga kitu nyuma yake, halafu mtu akimwita.

"Hiyo nati, mwanangu," akasema, "ikiliwa uzi, kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, inapatikana?"